Kondoo Aliyempa Kisogo Mkuu

Mimi ni karani. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nina maoni.

Kwa miaka kumi na tisa nimetunza muhuri wa Mkuu na kuandika kumbukumbu za vikao katika Wizara ya Mifugo na Utii, kwenye nchi yetu ya Tambarare, ambayo kusini imepakana na nchi zinazotuonea wivu, na kaskazini vilevile. Haya yaliyotokea niliyaandika yalivyotokea, kwa wino mweusi, na pale nilipotaka kucheka niliacha mstari mtupu.

Mambo yalianza na sambusa. Saa nne asubuhi, kama ilivyo ada, muuza sambusa alipanda ghorofani kwetu na beseni lake. Gazeti lake la kufungia lilikuwa limebaki ukurasa mmoja, akauchana katikati. Sambusa za Waziri, Mheshimiwa Bahebe, akazifunga kwa nusu ya juu. Zangu akazifunga kwa nusu ya chini. Mheshimiwa alikula, akajifuta mdomo kwa upande wenye matangazo ya vifo, kisha akasoma upande wa pili. Nikamsikia anasimama. Ni mtu mzito, akisimama jengo zima linajua.

"Karani!"

"Naam, Mheshimiwa."

"Unajua kwamba kondoo anatambua sura ya mtu?"

"Sikuwa najua, Mheshimiwa."

"Imeandikwa hapa. Watafiti wa ng'ambo wamegundua. Kondoo anaonyeshwa picha ya mtu, picha tu, na anamtambua!" Akaigeuza ile karatasi kutafuta mwendelezo, akakutana na marehemu. "Sisi tuna kondoo wangapi?"

"Laki nne, ukiondoa walioliwa kwenye semina."

"Na je, wanamtambua Mkuu?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa nchini mwetu. Sisi wananchi ilishajulikana kwamba tunamtambua, maana picha ya Mkuu wa Wakuu ipo kwenye kila ukuta, hata vyooni, ambako imetundikwa ikiangalia dirishani kwa heshima. Lakini kondoo hakuna aliyewahi kuwafikiria. Walikuwa wanakula majani ya taifa miaka yote hiyo bila kuhojiwa.

Nusu yangu ya gazeti niliisoma, nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa shati. Hakuna aliyeniuliza imeandikwa nini, na mimi huwa sijibu kisichoulizwa.

*

Nchi yetu ina mtafiti mmoja wa wanyama, Dokta Kalumuna, na maabara moja, ambayo ufunguo wake ulipotea mwaka wa mafuriko. Kwa hiyo Dokta hufanyia utafiti barazani, akiwa amekalia ngazi, hadubini mapajani. Aliitwa, akaja na vumbi lake.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema. "Ubongo wa kondoo una sehemu yake ya kushughulikia sura, kama wetu. Lakini sura ngeni lazima kwanza afundishwe, na namna ya kumfundisha ni—"

"Asante sana, Dokta. Karani, andika: mtafiti amesema ni kweli."

"Nilikuwa sijamaliza, Mheshimiwa."

"Utafiti mzuri unajua pa kuishia," alisema Waziri, na Dokta akaonyeshwa mlango.

Basi ukaundwa utaratibu. Kondoo angepitishwa kwenye ujia wa maturubai, na mwisho wa ujia angekuta fremu mbili. Moja ingekuwa na picha ya Mkuu, nyingine na picha ya mtu mwingine, ili kondoo achague. Hapo pakazuka ugumu. Hakuna mtu aliyekubali kuwa huyo mwingine. Naibu Waziri alisema ana watoto wadogo. Mkurugenzi alisema kondoo akikosea akamchagua yeye, ataongea nini mahakamani? Baada ya vikao vitatu ikaamuliwa fremu ya pili iwe tupu, kwa kuwa utupu hauna ndugu wa kuusumbua.

Kondoo wa kwanza alijaribiwa uani kwetu. Alikwenda mpaka katikati ya fremu mbili, akasimama, akanya, akalala.

"Huyo kavuka mpaka," alisema Waziri. "Leteni wa hapa."

Wa pili naye akalala. Ndipo bwana mifugo mmoja, kijana mwenye akili ya kuishi, akaomba aweke konzi mbili za mahindi chini ya picha ya Mkuu, si kwa kumshawishi mtu, bali kwa kumkaribisha mgeni. Wa tatu alikimbia mpaka akaiangusha fremu. Mheshimiwa Bahebe alitoa leso.

"Mapenzi hayo!" alisema huku analia. "Mapenzi gani hayo, jamani!"

Dokta Kalumuna, aliyekuwa amerudi kuchukua kofia yake, alifungua mdomo. Akaonyeshwa mlango tena.

Kikosi cha mabwana mifugo kikazunguka nchi nzima na magunia ya mahindi. Majibu yalikuja mazuri mno. Kila wilaya ilipata asilimia mia moja, na wilaya moja yenye bidii ikapata mia na nne, maana hata mbuzi walijitokeza. Kila kondoo aliyefaulu alitobolewa sikio akavishwa hereni ya njano iliyoandikwa MWAMINIFU. Bunge nalo halikutaka kuachwa nyuma. Likapitisha Sheria ya Utambuzi, ambayo kifungu chake cha saba kilisema kwamba mtu ambaye kondoo waaminifu kumi na wawili hawakumtambua kuwa Mkuu, huyo si Mkuu, hata awe nani. Maneno "hata awe nani" yaliongezwa dakika za mwisho na mbunge mmoja aliyeona sentensi imekuwa fupi. Wakayapigia meza kwa muda mrefu.

*

Kijiji cha mwisho kilikuwa Mwisho wa Lami, ambacho lami yenyewe haijawahi kukifikia. Kikosi kilifika huko bila hata punje. Gunia la mwisho walikuwa wamelipikia makande njiani, wakashiba, wakalala, wakaamka na kazi ya kufanya.

Kulikuwa na kondoo mmoja tu, jike, jina lake Mashavu, mali ya mama mjane aitwaye Bi Semeni. Mashavu alipitishwa ujiani. Aliiangalia picha ya Mkuu. Akaiangalia fremu tupu. Kisha akageuka, akarudi taratibu hadi kwa Bi Semeni na kuingiza pua kwenye kiganja chake. Fomu iliyoletwa mezani kwangu ilisema: *Kosa: kumpa kisogo Mkuu wa Wakuu, pamoja na mkia.* Hukumu ilikuwa kuchinjwa Siku ya Taifa mbele ya jukwaa, baada ya Mkuu kufungua sherehe. Na kwa kuwa nyama ya msaliti haifai kuliwa na umma, ingeliwa na Kamati ya Sherehe.

Bi Semeni aliletwa mjini pamoja na kondoo, maana alikataa kuiachia kamba. Alikuja dirishani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayeandika."

"Ndiyo, mama."

"Basi futa."

"Nifute nini?"

"Jina la Mashavu. Yule mimi simfugi, namlea. Mama yake alikufa siku anamzaa. Nimemnyonyesha kwa chupa ya soda jikoni kwangu, na ndani sina mwingine wa kusema naye. Sasa ana mimba. Nyinyi mnataka kuniulia wawili kwa ajili ya picha?"

"Mama, si picha. Ni Mkuu."

"Mkuu sina ugomvi naye. Lakini hata mimi simjui, mwanangu. Alikuja kwetu lini? Mwaka wa njaa tuliomba mahindi, ikaja picha."

Nilichungulia kushoto na kulia, nikamwomba apunguze sauti. Nasema wazi kwamba nilimhurumia. Lakini fomu ya rufaa ilitakiwa kusainiwa na mshtakiwa mwenyewe kwa kalamu, nami sikuwa na mamlaka ya kukubali kwato. Nilichoweza ni kumwandikia kibali cha kukaa na Mashavu zizini, nyuma ya jukwaa, mpaka siku yenyewe. Alikipokea kwa mikono miwili na kusema asante, nikatamani asingesema.

*

Mkuu wa Wakuu hakuwa ameonekana hadharani kwa miaka arobaini. Hotuba zake zilikuja kwenye kanda na mawaziri aliwateua kwa redio. Lakini alipopelekewa taarifa kwamba kondoo laki nne wanampenda, alitamani kuona kwa macho yake, akatangaza kwamba sherehe za Siku ya Taifa atazifungua mwenyewe. Watu, inasemekana alisema, wamekuwa wakimwambia hivyo siku zote, ila kondoo hawana cha kuomba.

Siku ya Taifa uwanja ulijaa. Picha kubwa kuliko nyumba ilitundikwa juu ya jukwaa: kijana wa miaka thelathini na sita, nywele nyeusi tii, sharubu, kidevu cha kuogopesha. Chini yake, kwenye zulia jekundu, walipangwa kondoo kumi na wawili waaminifu, wameoshwa kwa sabuni ya kunukia. Walikuwa hawajala tangu jana yake ili wasichafue zulia. Yule bwana mifugo mwenye akili ya kuishi alinong'ona kwamba pengine Mkuu atiwe mahindi kidogo mfukoni.

"Mahindi ya nini?" Waziri alifoka. "Mwenyewe yupo!"

Gari likafika, mlango ukafunguliwa. Akashuka mzee mfupi mwenye kipara, amevaa sweta la kahawia na malapa kwa sababu ya miguu kuvimba. Meno alikuwa ameyaacha kwenye glasi. Uwanja mzima ukaendelea kulisubiri gari lingine.

Mzee alitembea mpaka kwenye zulia, akawafungulia kondoo mikono. "Njooni, basi," alisema kwa upole.

Kondoo wakaiangalia mikono. Haikuwa na kitu. Wakageuka wote kumi na wawili, hereni zinang'aa, wakaenda kula shada la maua la mashujaa.

Kapteni wa ulinzi alikuwa kijana aliyezaliwa na kukulia chini ya picha ile, na mtihani wa Sheria ya Utambuzi alikuwa ameongoza. Akamsogelea.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye Mkuu."

Kapteni aliitazama picha, akamtazama mzee, akawatazama kondoo. "Kifungu cha saba," alisema kwa huzuni.

"Kijana, mimi ndiye niliyeisaini sheria hiyo!"

"Hata awe nani, mzee wangu."

Mzee akamgeukia Mheshimiwa Bahebe. Mheshimiwa alikuwa ameteuliwa kwa redio, hajawahi kumwona bosi wake ana kwa ana. Akapima. Upande mmoja mzee mwenye malapa, upande mwingine sheria na kondoo kumi na wawili. Akaamua kuangalia mawingu.

*

Mahabusu ya karibu ilikuwa zizi. Mimi nilitumwa kuandika maelezo ya mshukiwa, ndiyo maana nayajua haya.

Bi Semeni alimpisha sehemu yenye majani makavu.

"Pole, mzee mwenzangu. Na wewe umempa nani kisogo?"

"Wao ndio walionipa mimi."

"Jina lako?"

"Mkuu wa Wakuu."

"Pole sana," alisema Bi Semeni, akampa hindi la kuchoma.

Mzee hakuwa na meno, kwa hiyo alilipukuchua punje moja moja akampa Mashavu, naye akabaki kunyonya gunzi. Siku ya kwanza Mashavu alikula mkononi mwake. Siku ya pili alilaza kichwa juu ya malapa. Siku ya tatu mzee alipoinuka kunyoosha miguu, Mashavu naye aliinuka, akamfuata kutoka kona hadi kona.

"Karani, ananifuata," aliniambia. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mkononi sina kitu, na ananifuata."

"Umemlisha," alisema Bi Semeni. "Kondoo hasahau."

"Hayo mahindi umelima mwenyewe?"

"Ningetoa wapi pengine? Serikali ilituletea picha."

"Ilikuwa... nzuri?"

"Imeziba dirisha vizuri. Upepo hauingii."

Nilitafuta namna ya kuliandika jibu hilo katika maelezo, nikaacha mstari mtupu.

Nje, nchi ilikuwa imesimama. Mashavu hakuweza kuchinjwa kwa sababu Mkuu hajafungua sherehe, na sherehe haikuweza kufunguliwa kwa sababu Mkuu hajapatikana. Asubuhi ya siku ya nne Kamati ikakutana palepale kando ya zizi. Wale kumi na wawili waliletwa tena, na Waziri akakataza mahindi, kwa kuwa kumhonga shahidi ni kosa. Wakalala.

Bi Semeni akasimama. "Mashavu anamjua huyu mzee. Lakini simfungulii kamba bure. Mkishampata Mkuu wenu si mtamchinja Mashavu? Kwanza asamehewe."

"Na kisheria, kondoo mmoja anatosha?" Dokta Kalumuna aliuliza.

"Kifungu cha nane," alisema Kapteni. "Wale kumi na wawili wakilala, mmoja anatosha. Ila asiwe na kesi."

"Huyu ni msaliti," alisema Waziri. "Hawezi kutoa ushahidi."

"Ndiyo maana mama anasema asamehewe," alisema Dokta.

"Msamaha hutolewa na Mkuu."

"Mkuu si yule pale?"

"Yule si Mkuu mpaka atambuliwe."

"Na wa kumtambua ni kondoo huyu."

"Ambaye hajasamehewa!"

Mjadala huo ulianza saa tatu, na saa saba ulikuwa bado palepale, ila umechoka. Ndipo vichwa vyote vikanigeukia taratibu. Muhuri wa Mkuu, kwa miaka kumi na tisa, umekuwa ukiishi kwenye droo yangu. Sheria inataka msamaha uwe na muhuri, haisemi mkono wa nani. Nimegonga muhuri ule kwenye sheria, kwenye hukumu, kwenye vibali vya kuingiza matairi. Siku hiyo niliugonga kwenye msamaha wa Mashavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma karatasi kabla ya kuigonga.

Bi Semeni alifungua kamba. Upande mmoja wa ujia waliweka picha, upande mwingine badala ya fremu tupu waliweka kigoda, na juu ya kigoda mzee. Mashavu alitembea na tumbo lake zito. Aliinusa picha, akapiga chafya. Akaenda kwa mzee, akaingiza pua kwenye kiganja chake.

"Mkono mtupu!" Dokta Kalumuna alipiga kelele, akiwa hana hata karatasi ya kuandikia. "Andikeni jamani, mkono ulikuwa mtupu!"

Kapteni akapiga saluti huku analia. Mheshimiwa Bahebe alianguka magotini. "Nilikujua tangu ulipofungua mlango wa gari, Mtukufu! Nilikuwa nailinda sheria yako tu!"

Mkuu alikuwa anamkuna Mashavu nyuma ya sikio lisilo na hereni. "Wale laki nne," aliuliza, "walikuwa wanatambua nini?"

Ndipo Dokta, aliyekuwa hajawahi kuruhusiwa kumaliza sentensi, akaimaliza: "Mahindi, Mtukufu."

Hapo nikaona nimeulizwa, au karibu. Nikatoa nusu yangu ya gazeti, ina mafuta lakini inasomeka: *hata hivyo, watafiti wanasisitiza kwamba kondoo hao walifundishwa kwanza kwa kupewa chakula kila walipoisogelea picha iliyotakiwa.*

"Unayo tangu lini?" aliuliza Mkuu.

"Tangu sambusa, Mtukufu."

"Na hukusema?"

"Sikuulizwa."

Aliniangalia kwa muda mrefu, na Bi Semeni naye akaniangalia. Mtazamo wa Mkuu niliustahimili. Wa Bi Semeni bado ninao.

*

Bi Semeni alirudi Mwisho wa Lami na Mashavu wake, na nyuma yao lori la mahindi kwa kijiji kizima, bila picha. Mashavu amezaa dume. Hajafanyiwa mtihani wowote.

Jumatatu iliyofuata Mkuu aliitisha Baraza la Mawaziri, akaagiza isiwepo chai wala sambusa. Alikaa mezani tangu saa tatu. Wengine waliugua, wengine walifiwa. Mheshimiwa Bahebe alituma salamu kwamba anamzika bibi yake, ambaye kwa kumbukumbu zangu hiyo ilikuwa mara ya nne. Nikaandika: *Waliohudhuria: Mkuu wa Wakuu. Wenye udhuru: wengine wote.*

"Na wewe karani, umefuata nini?"

"Mimi ndiye mwandishi, Mtukufu."

Akacheka, ufizi mtupu. "Jumatatu ijayo," alisema, "waambie sambusa zitakuwepo. Mabeseni matatu."

Jumatatu ikafika. Saa tatu kasoro robo viti vilikuwa vimejaa, waliochelewa wamesimama ukutani, na chumba kinanukia binzari na vitunguu. Hapakuwa na king'ora wala mpambe. Mkuu aliingia kwa mlango wa jikoni, sweta lake la kahawia, malapa yake, kipara chake, amebeba beseni la kwanza mwenyewe. Baraza zima likasimama kwa pamoja, na bila hata mmoja kukosea, likamtambua.

Niliandika asilimia mia na nne, maana hata madereva walikuwa wameingia.